Ubao wa Dari na Rangi ya Baiskeli: Kibarua wa Mkonge Alivyozaa Mtindo wa Tingatinga

Kwa wengi wetu tingatinga ni mtambo, lile dude kubwa linalosukuma udongo barabarani. Mtu akialikwa kutazama "picha ya tingatinga", halafu akaonyeshwa chui mwenye madoa yaliyopangana kama vifungo vya shati, ana haki ya kuuliza mtambo uko wapi. Jina hilo ni la ukoo. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania, akaanza kuchora mwaka 1968, akafariki 1972. Alichora miaka minne tu, na leo jina lake linatumika kuita maelfu ya picha ambazo hakuzigusa.

Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Neno moja linabeba mtu, mtindo na bidhaa ya sokoni, na habari za kimoja humwagwa juu ya kingine. Anayesimulia mtu humtaja kama kipaji kilichoota jangwani. Anayesimulia mtindo husema ni "sanaa ya jadi", ingawa umri wake ni mdogo kuliko wa bendera ya taifa. Muuzaji naye huambatanisha vyote viwili na picha iliyokauka wiki iliyopita. Ukitaka kuelewa alivyopanda kutoka ukibarua hadi kuwa jina la mtindo, anza na vitu vya kushikika: ubao, rangi, na mahali alipoziuza picha zake. Kipaji alikuwa nacho, lakini peke yake hakielezi kwa nini picha zile zilikuwa vile zilivyokuwa.

Mkonge, kisha jiji

Tanga ya miaka ya 1950 ilikuwa mkonge. Tanganyika iliongoza duniani kwa zao hilo, na mashamba yalihitaji mikono mingi kuliko wenyeji walivyokuwa tayari kutoa. Wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuajiri vibarua, SILABU, mwaka 1944, na watu wa kusini wakawa miongoni mwa waliosafirishwa kwenda kaskazini. Waliokuja kwa mkataba waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Ujira ulihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo kazi haikukamilika haikutiwa alama, hivyo mshahara ulitoka kipande kilipojaa, hata kama mwezi wa kalenda ulikwisha kupita zamani. Mkataji alikata majani, akaondoa mwiba wa ncha, akafunga mafungu. Majimaji ya mkonge huwasha ngozi, na mwiba wake ukiingia jichoni ni hatari.

Tingatinga alipita huko kabla ya kuingia Dar es Salaam mwishoni mwa muongo huo. Jijini alifanya kazi za nyumbani na za bustani kwa Wazungu. Uhuru ulipokuja, tarehe 9 Desemba 1961, waajiri wengi wa aina hiyo walifungasha, na watumishi wao wakabaki kutafuta vibarua vya hapa na pale. Baadaye alipata pia kazi ya uhudumu wa wodi katika hospitali ya Muhimbili. Makazi yake yalikuwa Msasani.

Msasani si jina la kupita haraka. Ilikuwa kijiji cha pwani kilichopakana na Oysterbay, mtaa uliojengwa na ukoloni kwa ajili ya Wazungu, ambao baada ya Uhuru uliendelea kukaliwa na mabalozi, wataalamu wa kigeni na wakubwa wa serikali. Mpishi, mtunza bustani na mlinzi walitoka upande mmoja asubuhi na kurudi jioni. Kwa hiyo kijana wa Tunduru aliyekuwa hana fedha alikuwa akiishi hatua chache kutoka kwa watu wenye ukuta mtupu na fedha ya kuupamba. Wachoraji wengi wenye mkono mzuri kuliko wake waliishi mbali na ukuta kama huo.

Kujifunza mwenyewe ni nini hasa

Mwaka huohuo wa 1932, kule Marangu, alizaliwa Elimo Njau, ambaye alisoma Makerere na kuwa mmoja wa wachoraji wakubwa wa Afrika Mashariki. Sam Ntiro naye alipita Makerere, kisha Slade, shule ya sanaa ya London. Hiyo ndiyo ilikuwa njia iliyotambulika: shule ya sekondari, chuo, vitabu vya historia ya sanaa, rangi za mirija kutoka Ulaya, maonyesho yenye kadi za mwaliko. Mlango wake wa kwanza ulikuwa ada na cheti, na kibarua wa mkonge hakuwa navyo.

Lakini kusema mtu alijifunza mwenyewe hakumaanishi kwamba alianza na kichwa kitupu. Vyanzo vinavyotajwa mara nyingi ni vitatu: michoro ya kuta za nyumba za udongo huko kusini, vinyago vya Kimakonde vilivyokuwa vikiuzwa jijini, na picha za wachoraji wa Kongo zilizokuwa zikitembezwa mitaani. Ukitazama kazi zake utaona alama ya kila kimoja. Umbo moja kubwa katikati, bila mandhari nyuma yake, ni la mtu aliyezoea kuona mnyama amechorwa ukutani. Mashetani yenye viungo vilivyopinda ni jamaa wa vinyago. Na wazo lenyewe kwamba picha ya rangi inaweza kubebwa mkononi na kuuzwa kwa mpita njia ni somo la mtaani.

Alichokosa ni sheria za darasani: kivuli, masafa, vipimo vya mwili. Wapo wanaoona hilo kama upungufu, na wapo wanaoliita "usafi wa moyo wa Kiafrika". Pande zote mbili zinasahau kumuuliza fundi wa rangi. Mengi yanayoonekana kama ya kitoto katika picha zile yanatokana na tabia ya rangi aliyotumia.

Ubao

Tingatinga alichora juu ya hadibodi, ule ubao mwembamba wa kahawia unaopigwa kwenye dari na migongo ya makabati. Hutengenezwa kwa nyuzi za mbao zilizopikwa kwa mvuke na kukandamizwa kwa joto. Mmarekani William Mason ndiye aliyeivumbua njia hiyo mwaka 1924, ndiyo maana ubao huu huitwa pia mezonaiti. Upande mmoja ni laini kama ganda la yai, upande wa pili mara nyingi una alama za wavu.

Bao zima ni futi 4 kwa 8. Likikatwa futi 2 kwa 2 hutoa vipande 8 bila kubakiza hata ukanda. Kipande kimoja ni takriban sentimita 61 kila upande, na picha nyingi za mwanzo ni mraba wa karibu sentimita 60. Mraba huo haukutokana na falsafa yoyote. Msumeno hauna haja ya kupima mara mbili na hakuna kinachotupwa. Bao hilohilo likikatwa futi moja kwa moja hutoa vipande 32, ukubwa unaoingia kwenye sanduku la msafiri, na wauzaji wa baadaye waliipenda hesabu hiyo.

Hadibodi ina faida mbili kubwa kwa asiye na mtaji. Haihitaji fremu ya kuivuta kama kitambaa, na haihitaji kioo. Inaegemezwa ukutani, inauzwa. Hasara yake ni maji. Kingo zilizokatwa ni kama sponji: unyevu wa pwani ukiingia, nyuzi huvimba, kingo hutanuka na rangi hupasuka kuanzia pembeni. Aidha, ubao uliopakwa mbele tu hupinda, kwa sababu mbele pamezibwa na mgongo unaendelea kunyonya unyevu na kuutoa. Tiba ni rahisi, na bado wengi huiruka: paka kingo zote, kisha mgongo mkono mmoja wa rangi yoyote, kabla ya kugusa uso. Picha nyingi za zamani zenye tumbo kama tanga la ngalawa zilinyimwa dakika kumi hizo.

Upande laini nao una kasoro yake. Rangi huteleza juu yake na baadaye hubanduka kwa vipande. Ni lazima ukwaruzwe kidogo kwa msasa mlaini, namba 180 hadi 220, vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha ubao uachwe ukauke. Ukikwaruza mno unazifungua nyuzi, na mkono wa kwanza wa rangi utazisimamisha kama manyoya.

Rangi

Rangi aliyotumia ni ile ya mafuta inayong'aa, ya kupaka milango, madirisha na baiskeli. Ilipatikana kwenye maduka ya vifaa, katika makopo madogo, ilifunika vizuri na haikuhitaji vanishi juu yake. Rangi za mirija wanazotumia wasomi huagizwa kutoka nje, na picha nene iliyochorwa kwa mafuta ya kitani inaweza kuchukua wiki nyingi kukauka. Anayechora jioni akitarajia kula kesho hana wiki nyingi.

Rangi hii hukauka kwa hatua mbili, na asiyezijua huharibu kazi. Kwanza tapentaini iliyomo hupaa hewani, na baada ya saa kadhaa uso haushiki tena kidole. Kisha alkidi, yaani gundi iliyomo ndani ya rangi, huvuta oksijeni na kujifunga polepole. Hatua hii ya pili huendelea kwa siku na hata wiki, ingawa kwa macho picha inaonekana imekwisha. Ndiyo maana kupaka mkono wa pili kabla ya siku moja kupita ni kamari, na msimu wa mvua pwani subira iongezwe. Rangi nene ni hatari zaidi: ngozi ya juu hukauka ikiwa chini bado pana uji, nayo hujikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Mikunjo hiyo haitoki. Itabidi ingojwe ikauke kabisa, isuguliwe kwa msasa, paanzwe upya.

Tapentaini nayo ina kiasi chake. Matone machache hulainisha mstari. Ikizidi, rangi hupoteza mng'ao, hutiririka na kushindwa kufunika. Wengi hupima kwa kijiti: rangi ya kujazia maeneo inatakiwa idondoke kama asali nyepesi, ile ya mistari kama mafuta ya kula. Thina ya rangi za magari isitumike hapa, kwa kuwa ni kali na huweza kuyeyusha tabaka lililo chini.

Sasa rudi kwenye lile swali la utoto. Rangi inayong'aa na kuanza kunata ndani ya dakika chache haikubali kuchanganywa taratibu juu ya ubao ili kupata kivuli cha shavu au mviringo wa paja. Ukiilazimisha inaacha mikwaruzo ya brashi na matope. Inachopenda ni uwanja mpana wa rangi moja, ukingo mkali, na alama ndogo juu ya tabaka lililokauka. Mtu mwenye kopo hilo na akili timamu atafikia maeneo bapa, mistari ya kuzunguka umbo, na madoa. Tingatinga alifika huko mapema na akaacha kupigana na rangi yake.

Mpangilio wa kazi

Mandharinyuma hutangulia. Hupakwa mikono miwili myembamba, siku mbili tofauti. Zikitakiwa rangi mbili zinazoyeyukiana, mathalani njano chini na nyekundu juu, mkono wa mwisho hupakwa zote mbili zikiwa mbichi, kisha brashi laini na kavu hupitishwa kwa ulalo pale zinapokutana, kushoto kulia, bila kukandamiza. Una dakika chache tu. Brashi ikishaanza kuvuta nyuzi, acha ilivyo. Kila pigo la ziada ni doa.

Ubao ukaushwe umelazwa, umefunikwa kwa kitu kisichougusa. Ukisimamishwa, rangi hushuka na kujikusanya chini. Ukiachwa wazi, unakusanya vumbi na mbu, na mng'ao hauwafichi.

Umbo huchorwa kwa chaki. Penseli huteleza juu ya mng'ao na huacha mfereji, chaki hufutika kwa kitambaa. Mnyama hujazwa rangi yake kuu, akaachwa siku nzima. Kisha huja kazi iliyofanya mtindo ujulikane, yaani madoa. Doa zuri halipakwi kwa brashi, linagongwa. Kichwa cha msumari, ncha ya kijiti iliyokatwa sawasawa, upande usio na baruti wa njiti ya kiberiti: chochote chenye uso bapa. Choveka, gonga wima, inua wima. Mchoveko mmoja hutoa doa tatu au nne, kila moja dogo kuliko lililotangulia, na fundi hutumia upungufu huo kwa makusudi, akianza mgongoni ambako anataka makubwa na kuishia miguuni. Rangi nyepesi mno hutambaa na doa huwa kama tone la mvua. Rangi nzito mno huacha mkia kila kijiti kinapoinuliwa. Juu ya doa lililokauka unaweza kugonga jingine dogo la rangi tofauti, na hapo ndipo chui hupata yale macho yake elfu.

Mistari ya mwisho, myeusi au myeupe, huvutwa kwa brashi iliyopunguzwa nywele hadi zikabaki chache. Mkono unaochora hutulizwa kwa kuegemezwa juu ya kijiti kilicholazwa ng'ambo ya ubao, usije ukagusa ubichi. Saini huwekwa mwisho.

Ukihesabu siku za kungojea, picha moja rahisi huchukua siku nne au tano kukamilika, ingawa mikono inafanya kazi saa chache tu. Hapo ndipo siri ya uchumi wake ilipo. Mtu mwenye vipande 8 huvipanga foleni: kimoja kinapokauka mandharinyuma, kingine kinajazwa, cha tatu kinagongwa madoa. Hakuna siku inayokosa kazi, na kopo likifunguliwa linatumika kwenye vipande vyote kabla halijaota ngozi. Na hapo utaona kwa nini, kazi ilipoongezeka, ilikuwa rahisi mno kuwagawia ndugu hatua moja moja.

Kibaraza cha duka

Mahali palipotajwa zaidi katika habari zake ni Morogoro Stores, duka la Oysterbay walikonunua wageni. Picha hazikuingia ndani ya jumba lolote la sanaa. Ziliuzwa pale wanunuzi walipokuwa wameshatoa pochi kwa ajili ya mkate na sabuni. Mgeni aliyerejea kutoka mbugani alikuta nyati, tembo na ndege kwenye mraba unaoweza kubebwa chini ya kwapa, wenye mng'ao, usiohitaji fremu. Wanyama walitawala kwa sababu hiyo, ingawa Tingatinga alichora pia watu, maisha ya kijijini na mashetani.

Mtu anaweza kusema hapo ndipo sanaa ilipouzwa kwa Mzungu. Huo ni ukweli nusu. Mnunuzi mgeni aliamua ukubwa na kwa kiasi fulani mada, lakini hakuamua namna. Hakuna mteja aliyeagiza mandharinyuma tupu ya rangi moja, au pundamilia mwenye jicho linalokutazama kana kwamba wewe ndiye unayewindwa. Hayo yalitoka kwa mchoraji. Baadaye kampuni ya umma ya sanaa ilianza nayo kununua, na soko likawa na mguu wa pili.

Alipoona wateja wamezidi mikono, aliwaita jamaa na majirani, wengi wao watu wa kusini kama yeye. Majina yanayotajwa katika kundi la kwanza ni January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Ajaba Abdallah na Simon Mpata. Hakukuwa na darasa. Mwanafunzi alianza kwa msasa na mandharinyuma, akapanda kwenye kujaza, kisha madoa, na umbo likaja mwisho. Ni uanagenzi uleule wa seremala au fundi cherehani, na ndio uliouokoa mtindo.

Baada ya 1972

Usiku mmoja mwaka 1972, akiwa ndani ya gari jijini Dar es Salaam, alipigwa risasi na polisi waliodhani wanafukuza wezi. Alikuwa na umri wa miaka 40 hivi.

Kwa kawaida mchoraji aliyejifunza mwenyewe akifa ghafla, kazi yake hubaki kwenye kuta za watu wachache na kusahaulika. Hapa ilikuwa kinyume, kwa sababu ujuzi ulikuwa umekwisha kugawanywa hatua kwa hatua mikononi mwa watu watano au sita waliotegemea chakula chao humo. Waliendelea kuchora, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakasajili ushirika, Tingatinga Arts Cooperative Society, eneo lilelile la Oysterbay. Mpata alihamia Kenya, akajulikana sana Japani, akafariki 1984. Hoteli moja ya kitalii Maasai Mara imebeba jina lake.

Mtindo ulibadilika njiani. Wanyama waliongezeka hadi wakajaza ubao, mandhari tupu ikatoweka, Kilimanjaro ukaingia nyuma, kisha soko, hospitali na daladala. Ubao wenyewe ukakiachia nafasi kitambaa cha marikani kilichovutwa kwenye fremu ya mbao na kupakwa rangi nyeupe ya ukuta ili kuziba vitundu. Sababu ilikuwa safari za ndege: kitambaa hukunjwa kama mkeka, ubao haukunjwi.

Badiliko hilo lilikuja na maradhi yake. Rangi ya mlango iliumbwa kukaa juu ya kitu kigumu. Juu ya kitambaa kinacholegea na kukaza hupata nyufa kadiri inavyozeeka na kukakamaa. Ikikunjwa kabla haijajifunga, uso hunatana na mgongo, na mnunuzi akifika kwao anafungua chui aliyegeuka pacha. Picha ya kitambaa ingoje angalau wiki mbili tatu kabla ya kukunjwa. Ikunjwe upande wa rangi ukiwa nje, kwenye bomba nene, na katikati iwekwe karatasi safi isiyonata. Gazeti huacha wino, na plastiki huzuia hewa na kunata. Ikifika ifunguliwe siku hiyohiyo. Isiwekwe sandukuni miaka mingi, kwa sababu rangi nyeupe ya alkidi hugeuka njano gizani, na isielekezwe kwenye jua kali, ambalo hufifisha baadhi ya nyekundu.

Ipi ni yake?

Picha zinazosemekana kuwa za Tingatinga mwenyewe zinatafutwa sana, na za kughushi zimejaa. Ugumu umejengeka katika historia yenyewe: wasaidizi walitumia ubao uleule, makopo yaleyale, na waliketi uwanja uleule. Baada ya kifo chake jina lilitumika kama chapa. Kuona saini ya "E. S. Tingatinga" kwa hiyo ni mwanzo wa uchunguzi tu.

Tazama mgongo kwanza. Hadibodi ya miaka ya 1960 iliyokaa wazi hubadilika rangi bila usawa: paliposhikwa, palipogusa ukuta, palipopigwa msumari. Kahawia iliyo sawa kila mahali mara nyingi imetoka kwenye majani ya chai. Kisha kingo: ukataji wa msumeno wa mkono huyumba kidogo, na rangi ya zamani hupasuka kuanzia hapo. Nusa. Rangi ya alkidi hutoa harufu kwa miezi, na picha "ya 1970" inayonuka duka la rangi imejibu swali. Halafu tazama utulivu wa picha yenyewe. Kazi zake zina kiumbe kimoja au wachache, uwanja mpana mtupu, mistari isiyosita. Kama kuna twiga saba, mbuyu, mlima na machweo, huyo ni mjukuu wa kisanaa, hata kama saini inasema babu. Hakuna dalili yoyote kati ya hizi inayotosha peke yake, kwa kuwa mghushi mwerevu hununua kabati la zamani na kuchora kwenye mgongo wake. Chenye uzito zaidi ni nyaraka: risiti, picha ya sebule ya zamani yenye ubao huo ukutani, barua za familia iliyonunua. Na usikwaruze rangi kavu kwa msasa ili "kuona chini", maana rangi nyingi za mafuta za enzi hizo zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.

Upande wa sheria huchanganya watu kuliko ubao. Mtindo haulindwi na hakimiliki, iwe Tanzania au kwingineko. Kinacholindwa ni picha mahususi. Yeyote anaweza kuchora chui mwenye madoa ya kugongwa bila kumlipa mtu, na hilo halijawahi kuwa wizi. Picha mahususi za Tingatinga ni habari nyingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na kwa aliyefariki 1972 hesabu hiyo ilifika ukingoni mwishoni mwa 2022. Kwa wanafunzi wake waliofariki baadaye, saa bado inatembea, na anayechapisha picha ya Mpata kwenye fulana hawezi kujitetea kwa kusema "ni tingatinga tu". Kuandika jina la marehemu kwenye ubao wa jana na kuuza kama mkono wake hakuhusiani na miaka 50 hata kidogo. Huo ni ulaghai wa kawaida, na mhanga wake wa kwanza ni kijana aliyechora ule ubao, ambaye angeweza kutia saini yake mwenyewe.